Mtungi wa gesi, mlinzi na daftari: zahanati ya kijiji huponaje isifungwe?

Tuseme, ndugu msomaji, una dada aliyeolewa huko ndani Ganze, mahali ambapo minazi ya pwani imekwisha na msafiri haoni ila vichaka, mahindi yaliyokosa mvua na mbuzi wanaovuka barabara watakavyo. Ana mtoto wa miezi tisa. Siku ya chanjo ya surua ameamka alfajiri, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso na kutembea mwendo wa saa mbili mpaka zahanati. Amefika akawakuta akina mama wenzake wameketi chini ya mwarobaini. Muuguzi anatoka na kuwaambia kwa upole kwamba gesi ya jokofu ilikwisha tangu Jumapili, chanjo zimerudishwa Kilifi, tafadhali warudi wiki ijayo.

Wengine watarudi. Wengine hawatarudi.

Hakuna aliyetangaza kwamba zahanati hiyo imefungwa. Kibao chake kimesimama pale pale barabarani na mlango uko wazi. Lakini kwa dada yako, siku hiyo ilikuwa imefungwa, na akikuta hali hiyo mara ya pili na ya tatu, ataacha kwenda. Muuguzi naye akikaa mwezi mzima bila wagonjwa na bila vifaa ataomba uhamisho. Hapo ndipo watu husema, "Zahanati yetu imekufa," kana kwamba ilikufa jana.

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa maana ya kufungwa. Wazee wa Kwale wanakumbuka jinsi kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivyonyamaza mwaka 1988, na mjini Kilifi kiwanda cha korosho kilisambaratika mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wakabaki na mikorosho yao wakitafuta mnunuzi. Kiwanda kinapofungwa huwa kuna kufuli, na kuna wafanyakazi nje ya lango wakidai haki zao. Zahanati ya kijiji haina makuu hayo. Huifunga mtungi wa gesi, au mlinzi asiyelipwa akaacha kazi, au choo kilichojaa, au paa linalovuja juu ya kabati la dawa. Kwa kuwa hakuna amri iliyotolewa, hakuna amri ya kupinga. Ndiyo maana wakazi wanaotaka kuinusuru zahanati yao hawaanzii barabarani na mabango. Huanzia kwenye kamati, wakihesabu fedha.

Huenda ukauliza kwa nini mtu anayeishi Kisauni, Malindi mjini au Nairobi asumbuliwe na hesabu za zahanati ya mashambani. Jibu lipo katika takwimu za Kilifi kwenyewe, wilaya ambayo afya ya watoto wake imechunguzwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ilianzisha kituo chake kando ya hospitali ya Kilifi mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza. Watafiti walipofuatilia vifo vya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligundua kwamba wengi wa watoto hao walifia nyumbani, bila kufikishwa kwenye kitanda cha hospitali. Hospitali kubwa ilikuwapo, lakini ilikuwa mbali, na homa kali ya malaria haimngojei mtu atafute nauli.

Baadaye yakaja majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa, na matokeo yake yalitolewa mwaka 1996. Vifo vya watoto wadogo katika vijiji vilivyopewa vyandarua vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Ukija karibu zaidi, mwaka 2003 hospitali ya Kilifi ilikuwa ikilaza kiasi cha watoto 18 wenye malaria kwa kila watoto 1,000 wa eneo lake. Kufikia mwaka 2007 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi kati ya 3 na 4. Sababu zake ni nyingi, na wanasayansi wenyewe hawajakubaliana kila moja ilichangia kiasi gani. Lakini chandarua hakimfikii mama kwa posta. Wala vidonge mseto vya malaria, vilivyoanza kutumika nchini mwaka 2006, havimfai mtoto ikiwa viko kwenye bohari ya dawa mjini. Vyote hupitia kwenye ule mlango wa zahanati ambao mlinzi wake hajalipwa.

Harambee

Nyingi ya zahanati hizi zilijengwa na wenyeji wenyewe. Zamani ilikuwa harambee: huyu alitoa mbuzi, yule kiwanja, akina mama wakabeba maji ya kukorogea saruji. Tangu mwaka 2003 imekuwa zaidi ni fedha za Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, CDF, na hapo ndipo tulipoona jambo la ajabu: majengo yakimalizika upesi kuliko wauguzi walivyoajiriwa, mengine yakakaa yamefungwa yakingoja mtu wa kuyafanyia kazi. Kwa hivyo mtu wa kijijini anaposema "zahanati yetu" hasemi kwa mapambo. Serikali huleta muuguzi na dawa, lakini ukuta ni jasho lake.

Fedha za kuiendesha ndizo zimekuwa na historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 1965 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje, na kwa robo karne Mkenya akazoea kwamba zahanati ni bure. Mnamo Desemba 1989 ukaja mpango wa kuchangia gharama za matibabu. Ada hiyo haikumaliza hata mwaka kabla ya kusimamishwa, Septemba 1990, kisha ikarudishwa hatua kwa hatua kuanzia 1991, hospitali kubwa zikitangulia. Kanuni ilikuwa kwamba robo tatu ya makusanyo ibaki pale yalipokusanywa na robo moja itumiwe kwa afya ya msingi wilayani.

Mpango huo ulikuwa na madhara yake, na wasomaji wa Nairobi wana mfano nyumbani. Katika kliniki maalumu ya magonjwa ya zinaa jijini, ada ilipoanza, wanaume waliohudhuria walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali na wanawake hadi asilimia 65. Na hiyo ni miaka ambayo Ukimwi ulikuwa ukienea kwa kasi. Anayesema kwamba ada ndogo haimzuii mgonjwa na aufikirie mfano huo.

Hata hivyo, kwa zahanati ya kijijini ada ilifanya jambo moja ambalo halikutarajiwa. Iliweka fedha mikononi mwa kamati ya wakazi. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa pale pale. Gesi ikiisha hakuna aliyengoja barua ya wizara. Mweka hazina alifungua sanduku, mtu akapanda matatu na mtungi, jioni jokofu likawa linafanya kazi.

Shilingi kumi

Katikati ya mwaka 2004 serikali iliamua kwamba zahanati itoze shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20, basi. Watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa malaria na kifua kikuu hawakutakiwa kulipa hata hizo. Kwa mgonjwa hii ilikuwa neema, na mwandishi huyu hana haya kusema kwamba ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini fanya hesabu ya kamati. Tuseme zahanati inaona wagonjwa 30 kwa siku, na nusu yao hawatakiwi kulipa. Waliobaki 15 mara shilingi 10 ni shilingi 150. Humo utoe mlinzi, mfagiaji, gesi, sabuni, dawa ya kusafishia sakafu na nauli ya muuguzi kwenda kuchukua dawa. Mwenyekiti wa kamati aliyekuwa akijivunia zahanati inayong'aa alijikuta akichagua nani aachishwe kazi, mlinzi au mfagiaji.

Na hapo ndipo Pwani ilipofanya jambo ambalo sehemu nyingine za nchi zililiiga baadaye. Mwaka 2005, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Denmark, Danida, Mkoa wa Pwani, kama ulivyoitwa wakati huo, ulianza kujaribu kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila zahanati na kituo cha afya. Hazikupita kwenye mikono kumi ya maofisa. Kamati, yenye mwenyekiti na mweka hazina kutoka miongoni mwa wakazi na msimamizi wa zahanati akiwa katibu, ilikaa kila robo mwaka, ikaandika mpango wa matumizi, ikapeleka wilayani uidhinishwe, ndipo ikaenda benki.

Watafiti walipotembelea vituo 30 katika wilaya mbili za Pwani mwaka 2007 na 2008, walikuta fedha hizo zikiwa asilimia 62 ya mapato yote ya fedha taslimu ya zahanati, na asilimia 47 kwa vituo vya afya. Tazama sasa zilivyotumika. Asilimia 32 zilikwenda kwa mishahara ya wafanyakazi wa mkono, 21 kwa safari, na 18 kwa ujenzi na matengenezo.

Mtu wa mjini anaweza kushangaa: theluthi nzima ya fedha za afya kwa wafagiaji na walinzi? Lakini zahanati nyingi zina muuguzi mmoja au wawili. Muuguzi anayeteka maji na kupiga deki asubuhi hatibu mtu hadi saa nne. Na usiku, mama mwenye uchungu wa kuzaa anapogonga lango, anayemfungulia na kukimbia kumwamsha muuguzi ni mlinzi. Pasipo mlinzi, mama huyo huzaa njiani au hurudi kwa mkunga wa kijijini. Safari nazo si za starehe. Ni muuguzi kupeleka chanjo katika vijiji vya mbali, au ni gari la kumkimbiza mgonjwa Kilifi au Malindi anapozidiwa. Wahudumu waliohojiwa walisema kazi iliwatia moyo kuliko zamani, na wagonjwa wakaongezeka.

Usidhani mambo yalikuwa shwari tu. Watafiti hao hao waliona kwamba wanakamati wengi hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha wala nakala za miongozo. Kulikuwa na vituo vilivyoendelea kutoza zaidi ya shilingi 10 licha ya fedha mpya kuingia. Na kubwa kuliko yote, wanakijiji wa kawaida hawakujua kilichokuwa kikiendelea. Kila kituo kilitakiwa kiandike ukutani, mahali pa wazi, fedha zilizoingia na zilizotoka, lakini mara nyingi ukuta ulikuwa mtupu. Waswahili wana msemo, mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilifungiwa kabatini, na kwa mwenye zahanati, yaani mwanakijiji, matokeo hayana tofauti kubwa. Asiyejua kwamba fedha zimefika hawezi kuuliza gesi iko wapi.

Mwaka 2010 mpango huo ulianza kuenezwa nchi nzima kwa jina la Hazina ya Huduma za Sekta ya Afya. Zahanati ilitengewa shilingi 27,500 kwa kila miezi mitatu. Ukigawanya, ni kama shilingi 300 kwa siku. Ndiyo, msomaji, shilingi mia tatu. Kwa fedha ambazo wewe unaweza kumaliza kwa chakula cha mchana mjini, kamati ya kijijini ilitarajiwa kuweka zahanati wazi kutwa na kucha, na nyingi ziliweza.

Kaunti

Kisha mwaka 2013 mambo mawili yakatokea karibu kwa wakati mmoja. Serikali ya kaunti ya Kilifi, iliyounganisha tena Kilifi na Malindi zilizokuwa zimetenganishwa kuwa wilaya mbili mwaka 1996, ilikabidhiwa huduma za afya chini ya Katiba mpya. Na Juni mwaka huo, ada katika zahanati na vituo vya afya zikafutwa kabisa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Serikali iliahidi kufidia vituo mapato vilivyopoteza, lakini fidia ikawa na tabia ya kuchelewa.

Watafiti wa Kilifi walioangalia miaka hiyo ya mwanzo walikuta jambo la kusikitisha. Ugatuzi uliosemwa ungeleta madaraka karibu na mwananchi uliyaondoa hospitalini. Makusanyo ya hospitali za kaunti yalitakiwa yapelekwe kwenye hazina ya kaunti, na msimamizi aliyezoea kutengeneza bomba siku hiyo hiyo sasa aliandika barua na kungoja. Ilichukua muda mrefu kwa Bunge kurekebisha hilo. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya iliagiza kwamba makusanyo yabaki katika kituo kilichoyakusanya. Ni kanuni ile ile ya sanduku la kamati, sasa ikiwa na nguvu ya sheria.

Lipo jambo ambalo kamati haina uwezo nalo, nalo ni wafanyakazi wa serikali. Mgomo wa madaktari ulianza Desemba 2016 ukadumu siku 100, kisha wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Hospitali kubwa ina pa kujishikiza. Zahanati ya muuguzi mmoja, huyo mmoja akigoma, imefungwa. Kuna vishawishi hapo. Mtu aliyezoea kufagia na kumsaidia muuguzi kupanga dawa anaombwa na jirani, "Si unajua ile sindano, nipigie tu." Kamati isikubali kamwe. Mlinzi hodari anabaki mlinzi. Ikiwa muuguzi hayupo, kazi yake ni kumwelekeza mgonjwa mahali palipo wazi, na kazi ya kamati ni kujua mapema ni wapi: kituo cha misheni, zahanati ya kibinafsi, au kituo cha jirani chenye muuguzi.

Sasa wewe wa mjini ufanye nini? Watu wetu wakirudi nyumbani Pasaka au Idi hupenda kuchangia kitu kinachopigwa picha, kama kitanda kipya au rangi ya ukuta. Si vibaya, lakini kwanza uliza maswali ya kuchosha. Kamati ipo? Ilikutana lini mara ya mwisho? Wanakamati walichaguliwa barazani au chifu aliwataja tu? Mlinzi anadai miezi mingapi? Mbona ubao wa hesabu hauna kitu? Muulize msimamizi kwa adabu, mbele ya mwenyekiti, wala si kwa kumvizia, maana mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayelipa nauli ya dawa kutoka mfukoni mwake na atafurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Ikiwa jokofu bado ni la gesi, siyo la miale ya jua kama yalivyo mengi siku hizi, uliza mtungi hudumu muda gani na nani huhesabu siku. Mkiwa watu kumi wa kijiji kimoja mnaofanya kazi Mombasa, mnaweza kuweka akiba ya mtungi mmoja wa ziada. Hilo halina picha nzuri. Lakini shukrani zenu ziandikwe kwenye daftari la zahanati, pamoja na tarehe na kiasi, ili robo ijayo pasiwe na mabishano.

Na kwa wakati huu ambao huenda zahanati ya dada yako haina dawa au muuguzi, mkumbushe mambo mawili. Mtoto mwenye homa ambaye amepata degedege, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea na haamki vizuri, asingojee zahanati ifunguliwe. Apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Gharama ya gari ijadiliwe baadaye.

La pili ni lile la chanjo. Akina mama wengi wakikosa tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kliniki hudhani nafasi imepita, na huona haya kurudi wasije wakakemewa. Nafasi haijapita. Chanjo ya surua iliyokosekana katika mwezi wa tisa hutolewa mwezi wa kumi au hata baadaye, na ile ya pili huja katika mwezi wa kumi na nane. Dada yako arudi Alhamisi ijayo na kijitabu chake. Nawe mpigie simu Jumanne, umwombe amtume mtu zahanati akaulize kama gesi imefika.